Mwosha Naye Huoshwa: Kuisoma Fun Home kwa Mara ya Kwanza

Baba yake Alison Bechdel alikuwa na kazi mbili. Siku za kazi alisomesha fasihi ya Kiingereza katika skuli ya sekondari, katika mji mdogo wa Beech Creek, jimbo la Pennsylvania huko Marekani; na akifa mtu, alikwenda kwenye nyumba ya biashara aliyoirithi kwa wazee wake, akamtayarisha maiti. Kwa watu wa mwambao kazi hiyo haina duka. Maiti huoshwa na jamaa zake au na mwosha wa mtaani, akakafiniwa, akaswaliwa na kuzikwa, aghalabu siku hiyo hiyo, wala hapana anayepakwa rangi mashavuni ili watu wapite kumtazama. Kwa hiyo msomaji wa visiwani anayekifungua kitabu cha Fun Home kwa mara ya kwanza hukutana na ugeni kabla hajaifikia siri yenyewe: aila ambayo mauti ndiyo riziki yake, na watoto wanaocheza baina ya majeneza.

Ugeni huo haudumu. Wahenga walikwisha kusema kwamba aibu ya maiti aijuaye mwosha, na wakasema tena kwamba mwosha naye huoshwa. Methali mbili hizo zikiwekwa bega kwa bega, kisa cha kitabu hiki kimo humo karibu chote. Binti wa mwosha ameachiwa maiti ya mwosha, na katika kuiosha ameyaona yaliyofichwa. Linalomsumbua msomaji tangu mwanzo hadi mwisho ni kama mwosha huyo ana ruhusa ya kusema aliyoyaona.

Kitabu kilitoka mwaka 2006. Bechdel, aliyezaliwa mwaka 1960, alikuwa tayari anajulikana kwao kwa katuni zake za magazetini, na hiki kilimchukua muda wa miaka saba. Ni tawasifu, ila imechorwa. Kila ukurasa umegawanywa fremu kwa fremu, juu ya fremu yapo maneno ya msimulizi, na ndani yake mazungumzo ya watu. Mistari ni ya wino mweusi, na kivuli chake ni rangi moja tu ya kijivu iliyoelekea kwenye kijani, kama maji ya bandarini siku ya mawingu. Msomaji aliyekulia kwenye Juha Kalulu wa Edward Gitau katika gazeti la Taifa, au Chakubanga wa Christian Gregory katika Uhuru, amezoea katuni iwe mahali pa kupumzikia baada ya kuchoshwa na habari za wakubwa. Hapa itambidi ajifunze kusoma upya. Jicho likikimbilia maneno kama lilivyozoea, litapitwa na nusu ya habari, kwani mara nyingi neno linasema hili na picha inasema lile. Maneno yanamlinganisha baba na Daedalus, yule fundi hodari wa ngano za Kiyunani. Picha inaonyesha watoto wakifuta vumbi kwenye samani za baba, shingo zimeingia mabegani kwa kuuhofu mkono wake. Anayeyasoma maneno peke yake atamwona msanii. Anayezitazama picha peke yake atamwona jabari. Mtu mwenyewe yumo katika nafasi iliyobaki baina ya hayo mawili.

Nyumba yao ilikuwa jumba la kale la karne ya 19, nalo baba alilikarabati kwa mikono yake miaka nenda miaka rudi: vinara, mapazia, karatasi za maua ukutani, vioo vya kila namna. Bechdel analichora jumba hilo kwa uchungu na kwa ustadi sawasawa, mpaka msomaji akaanza kushuku kwamba ustadi huo ndio urithi. Baba alipamba nyumba ili watu wasitazame ndani. Binti anaipamba upya, ua kwa ua, ili watazame.

Na siri yenyewe haicheleweshwi. Sura ya kwanza kati ya saba haijakwisha, msomaji amekwisha kuarifiwa kwamba baba huyu, mwenye mke na watoto watatu na anayekwenda kanisani na aila yake, alikuwa akihusiana kimwili na vijana wa kiume, wengine wao wanafunzi wake, wengine wakija nyumbani kufanya kazi za bustani na kuwaangalia watoto. Mengine nayo yamewekwa wazi mapema. Mwaka 1980 binti, akiwa chuoni, aliwaandikia wazazi wake barua kuwaambia kwamba yeye hupenda wanawake wenziwe. Mama akamjibu kwa kumfunulia ya baba. Baadaye mama akataka talaka. Na wiki mbili baada ya hapo baba, naye ana miaka 44, akagongwa na gari la mikate alipokuwa akivuka barabara na mzigo wa magugu aliyoyang'oa kwenye kiwanja cha nyumba nyingine aliyokuwa akiitengeneza. Dereva alisema alirukia nyuma, kama mtu aliyeona nyoka. Binti anaamini kwamba alijiua. Ushahidi hana, na anasema kwamba hana.

Msomaji wa mara ya kwanza hushituka kwa habari hizi, lakini hushituka zaidi kwa wakati zinapotolewa. Amezoea masimulizi ambayo siri hukaa mwishoni kama lulu ndani ya chaza, na msomaji hulipwa kwa kusubiri. Hapa amelipwa mlangoni. Kurasa zaidi ya 200 zimebaki mbele yake, na hakuna la kungoja. Kwa mtunzi dhaifu hilo lingekiua kitabu. Bechdel analitumia kumwondolea msomaji ile tamaa ya mchungulizi, maana aliyekwisha kuonyeshwa hana haja ya kuchungulia, na anabaki na kazi ngumu zaidi ya kupima. Nini kinajulikana kwa hakika? Nini kinadhaniwa? Nani alijua, tangu lini, na kwa nini akanyamaza?

Katika kupima huku ndimo kilimo kilicho bora kabisa katika kitabu. Bechdel anauchora mji wao kwenye ramani, kisha anapiga duara la kipenyo cha maili moja na nusu, na ndani yake pameingia pote: pale baba alipozaliwa, alipoishi, alipokufa, na alipozikwa. Anahesabu umri wake na kuufananisha na wa F. Scott Fitzgerald, mwandishi ambaye baba alimpenda na aliyekufa naye akiwa na miaka 44. Kisha anaitupa hesabu hiyo, kwa kuona kuwa ni wazimu wa mfiwa. Anakileta kitabu cha Albert Camus ambacho baba alikuwa akikisoma siku zile. Na inapofika kwenye dhana nzito kupita zote, kwamba huenda barua yake mwenyewe ndiyo iliyomuua baba, anaandika jambo ambalo si wengi wangethubutu: kwamba hataki kuiacha dhana hiyo, kwa sababu ndiyo uzi wa mwisho unaomfunga naye. Mfiwa anaitaka hatia, kwani hatia nayo ni ujamaa.

Kipo pia kisa cha shajara. Alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, Alison alianza kuandika kila siku mambo yaliyotokea. Haukupita muda, akaanza kupenyeza baina ya sentensi zake maneno madogo ya kusema kwamba ndivyo anavyodhani. Baba amefanya hivi, nadhani. Tumekwenda mahali fulani, nadhani. Baadaye hata maneno hayo yakawa marefu, akabuni alama ya kuyawakilisha, kama paa la kibanda, akaichora juu ya majina ya watu, kisha juu ya kurasa nzima, mpaka maandishi yakawa hayasomeki na mama akalazimika kukaa naye kitandani, mtoto akisema na yeye akiandika. Mtoto hakuwa ameambiwa siri yoyote. Lakini kalamu yake ilikwisha kuhisi kwamba katika nyumba ile hakuna sentensi inayoweza kusimama bila ya shaka. Watunzi wanaojua uzito wa kuapa kwa neno watazisoma kurasa hizo zaidi ya mara moja.

Katikati ya kitabu, kurasa mbili zimefunguliwa kwa picha moja. Ni picha ya kijana mmoja aliyekuwa akiwaangalia watoto, iliyopigwa na baba katika safari ambayo watoto wenyewe walikuwamo. Binti aliikuta baada ya mazishi, ndani ya bahasha ambayo baba ameiandika kwa mkono wake kwamba ni ya picha za aila. Pembeni mwa picha palikuwa na mwezi na mwaka. Mwaka baba ameufuta kwa wino, mwezi ameuacha. Bechdel anasimama papo hapo, kwenye ule wino. Kwa nini kuufuta mwaka na kuiacha picha? Mtu anayetaka kuficha huchoma. Huyu hakuchoma, aliweka pamoja na picha za wanawe, akapaka doa dogo la wino. Na vidole vilivyochorwa vikiishika picha hiyo, vidole vya binti, ni vikubwa kama vya mtu wa kweli, kiasi kwamba vya msomaji vimekaa pale pale, juu ya karatasi ile ile. Hapo ndipo msomaji anapojijua kwamba naye ameingia chumba cha kuoshea.

Mwosha mwenye adabu huosha kwa mkono uliozungushiwa kitambaa, na maiti amestiriwa kwa shuka, ili ajue bila ya kukodoa. Je, binti huyu ana kitambaa? Anacho, na kitambaa chake ni mchoro. Kila barua ya baba, kila picha ya zamani, kila ukurasa wa kamusi au wa kitabu unaoonekana humu ameunakili kwa kalamu, na mwandiko wa baba ameuiga herufi kwa herufi. Hakubandika kitu. Isitoshe, kwa kila mtu aliyemchora alijipiga picha yeye mwenyewe akiwa amekaa vile vile: amekaa alivyokaa baba kusoma, amesimama alivyosimama mama jikoni, ameanguka kama watoto walivyoanguka. Fremu baada ya fremu, na katika kila moja mwili wake umetangulia. Anayesema kwamba kitabu hiki ni kumwanika marehemu, basi ajue kwamba hapana mkao wa marehemu uliochorwa humu ambao binti hakuukaa kwanza yeye.

Kipo kisa kimoja kinachoeleza haya vizuri kuliko hoja. Siku moja baba alimwita binti katika chumba cha kazi. Juu ya meza alikuwapo maiti wa mwanamume, uchi, kifua kimefunguliwa. Baba akamwomba ampe mkasi. Akampa, asionyeshe chochote usoni, akatoka. Baadaye akawa anajiuliza kama baba alikuwa akimjaribu, au alitaka kuona kwa macho ya mtoto mshituko ambao yeye mwenyewe hakuwa nao tena, au alihitaji mkasi tu. Kitabu kizima kimeandikwa na mtoto huyo huyo, kwa uso ule ule usiotikisika. Mchezo wa nyimbo uliotungwa kutokana nacho ulitwaa tuzo tano za Tony mwaka 2015, na wengi waliutazama kwa machozi. Nyimbo hulia, hiyo ndiyo kazi yake. Kitabu chenyewe hakilii. Kinatoa mkasi.

Aila hii haikuwa bubu. Walizungumza kwa vitabu. Baba alimpa binti kitabu cha Colette, mwandishi wa Kifaransa, kabla binti hajasema lolote juu ya nafsi yake. Mama alikariri maneno ya Oscar Wilde kwa ajili ya jukwaa, ilhali nyumba yenyewe inaungua. Barua za uchumba zilijaa habari za Fitzgerald. Anayejua lugha ya kanga atalitambua jambo hili upesi kuliko wahakiki wa Marekani. Mke amepita ukumbini na kanga yenye jina la kuchoma, hakutamka neno, na ujumbe umefika kwa aliyekusudiwa. Na akiulizwa, atasema ni nguo tu. Kitabu cha Colette juu ya kitanda cha binti kilikuwa kanga. Tofauti ni kwamba kanga humfikia hata asiyesoma sana, ilhali mafumbo ya nyumba ile yanataka mtu awe amepitia Joyce na Proust. Na hapa kitabu kina mzigo wake. Katika sura ya nne khasa, Proust analetwa mara kwa mara mpaka pumzi ya kisa ikakatika, na msomaji aliyejisomea mwenyewe, asiyepata mhadhara wa chuo, ataona kama anaombwa tikiti kwenye mlango aliokwisha kuupita.

Hilo ni dogo. Kasoro kubwa iko kwingine, na wasifu wengi wa kitabu wameipita haraka. Sura ya sita ni ya kiangazi cha mwaka 1974, Rais Nixon anaelekea kujiuzulu, nyenze wametoka ardhini kwa mamilioni, mama yumo katika mchezo wa Wilde, binti anavunja ungo na hamwambii mtu. Na katikati ya hayo yote baba anashitakiwa kwa kumpa bia kijana ambaye umri wake haujafika. Shitaka ni la bia. Kila mtu mahakamani anaelewa kwamba si la bia, na hukumu inakwisha kwa kumwamuru akaonane na mganga wa akili. Sura hii imefumwa kwa ustadi mkubwa, siri ya nyumba na siri ya dola zikipishana. Lakini kijana yule yuko wapi? Anapita. Wenziwe nao wanapita, na wengine ni nyuso tu pembeni mwa fremu. Mwalimu ana dhamana, na mwanafunzi hawezi kumkatalia mwalimu wake kama anavyomkatalia rika lake. Bechdel analijua hilo na analitaja, lakini anataka mno kumwona baba kama mtu aliyenyimwa maisha yake, mfano wa yeye mwenyewe lau angezaliwa zamani, kiasi kwamba mambo mawili yanakaribia kuchanganyika: mapenzi ya mtu mzima kwa mtu mzima mwenziwe, ambayo binti ameyatangaza kwa barua, na mwenendo wa mtu mzima kwa watoto wa watu waliokabidhiwa kwake. Mambo hayo si mamoja. Mwosha amemstiri maiti, sawa. Waliodhulumiwa na maiti hawakupewa nafasi ya kusema wala kunyamaza.

Mambo haya yangefaa kujadiliwa na waliokipinga kitabu kwao, lakini wao walishughulika na jingine. Mwaka 2014 wabunge wa South Carolina walitaka kukikata chuo cha College of Charleston dola 52,000, kiasi kile kile kilichotumika kuwagawia wanafunzi kitabu hiki, kwa sababu ya michoro michache ya mapenzi ya wanawake. Juu ya vijana wa Beech Creek kelele hazikuwa kubwa hivyo.

Mama ndiye mtu aliyechorwa kwa tahadhari zaidi. Alikuwa hai kitabu kilipoandikwa, akijua kwamba kinaandikwa, na kitabu cha pili cha Bechdel, Are You My Mother?, cha mwaka 2012, kimezaliwa kwa sehemu na uzito huo. Katika Fun Home yuko jukwaani, yuko kwenye piano, yuko kwenye simu, mgongo wake unaonekana mara nyingi kuliko uso. Anayemkumbuka Mwana Kupona, aliyetunga utendi wake mnamo mwaka 1858 akiwa mgonjwa ili bintiye apate wasia, ataona kinyume chake hapa. Mwana Kupona alijua kwamba anaondoka, akakaa akaupanga usemi wake, akamkabidhi mwanawe. Bruce Bechdel hakuacha wasia. Aliacha bahasha, vitabu vilivyopigwa mistari, na mwaka uliofutwa. Binti ameuokoteza wasia kutoka kwenye takataka, na wasia wa kuokoteza hauwezi kuwa na utulivu wa ule uliotungwa na mwenyewe.

Anayetamani kukileta kitabu hiki kwa Kiswahili ataanza kukwama kwenye jalada. Jina Fun Home ni mzaha wa watoto wale: nyumba ya kutayarishia maiti, kwa Kiingereza, huanza kwa herufi tatu zile zile za neno la mchezo na furaha, nao wakalikata hapo. Kiswahili hakina njia ya kuzikutanisha furaha na maiti katika neno moja. Kinacho kingine. Nyumba ya Matanga ingemletea msomaji kilio na chombo cha baharini kwa pamoja, na kwa kuwa sura ya mwisho inamfuata Ulysses katika safari yake ya kurudi kwao, tanga hilo halingekuwa la bure. Bahari ingepatikana, kicheko kingepotea, na kicheko kile ndicho kilichowaponya watoto.

Katika sura hiyo ya mwisho zimo kurasa mbili ambazo Bechdel amezigawa sawasawa, fremu kumi na mbili hapa na kumi na mbili pale, zote ndogo, zote za ukubwa mmoja. Baba na binti wamo ndani ya gari usiku, wanakwenda sinema. Zimebaki wiki chache tu kabla ya kifo, ingawa hakuna ajuaye. Wanatazama mbele wote wawili. Binti anauliza juu ya kile kitabu cha Colette, kama baba alijua alichokuwa akimpa. Baba anajibu kidogo, kisha anaongeza kidogo, anataja ujana wake, ananyamaza. Fremu nyingine hazina neno hata moja. Huo ndio mkutano pekee wa kweli baina yao, na hakuna aliyegeuza uso. Baada ya filamu baba akajaribu kumpeleka katika klabu moja ambako watu wa namna yao walikuwa wakikutana. Mlangoni binti akaonekana umri wake haujatimia, wakazuiliwa, wakarudi kwenye gari, na njia nzima ya kwenda nyumbani hapana aliyesema kitu.